Jina Lililoitwa Juu ya Gitaa la Mjomba

Nilikuwa nimemaliza chuo na siamini kitu kisicho na ushahidi. Niliishi kwa mjomba wangu, mjini Falls Church, huku ughaibuni. Yeye alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mimi nilitengeneza kompyuta za maofisini. Jioni niliandika ukurasa wa intaneti kuhusu bendi mbili za Nairobi za miaka ya sabini zilizotokana na ugomvi mmoja: moja ilibaki na vyombo, nyingine ikaondoka na wanamuziki wazuri. Niliorodhesha nani alipiga nini kwenye santuri ipi. Hakuna aliyeniomba.

Mjomba alikuwa kwenye ile iliyobaki na vyombo. Picha ilikuwepo: suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni, gitaa limepandishwa hadi kifuani. Hilo sikulipinga. Nilichopinga ni kwamba alisikika kwenye santuri. Kuna wimbo wao mmoja wenye mdundo wa disko ambao Wakenya wote wa huku waliujua. Katikati waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linaingia, na kiongozi anaita jina la mpigaji mara mbili, kama ilivyokuwa desturi. Jina lile halikuwa la mjomba. Lilikuwa la mpigaji mashuhuri.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa na wageni. Mtu akaweka kanda yenye wimbo ule. Solo ilipoanza mjomba akasema, bila kujisifu, "Hapo ni mimi." Nikarudisha kanda nyuma, nikaomba watu wanyamaze walisikilize jina. Nilifanya hivyo kwa furaha, sitadanganya.

"Mzee, kumbe wewe ulikuwa unapiga makofi?" akasema jirani yetu, dereva wa teksi, na meza nzima ikacheka.

Mjomba alicheka kidogo, akaanza kukusanya sahani kabla watu hawajamaliza kula. Tangu siku hiyo gitaa lake, lililokuwa likikaa kwenye kiti sebuleni, halikuonekana tena, na Jumapili akaanza kuomba zamu kazini.

Wiki chache baadaye nikampata Mkongo aliyewahi kuipigia ngoma bendi ile. Alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala huko Landover. Sikumwendea kwa ajili ya mjomba, nilitaka orodha yangu ikamilike. Tulikaa ndani ya gari lake wakati wa mapumziko, akinitajia wimbo baada ya wimbo. Alipofika kwenye ule, akamtaja mjomba kwenye solo. Nikamwambia jina linaloitwa mle ni jingine.

"Mwenye jina alikuwa amesha kwenda kwa bendi ingine," alisema. "Kiongozi alisema watu wakijua huyu hayuko, hawatanunua disque, ile santuri. Basi mjomba yako akapiga, tukaita jina ya yule. Alikubali. Alikuwa kijana, alitaka tu kurekodi."

"Mbona hakunieleza?"

"Ataeleza nini, mon petit? Kwamba alikubali kuitwa mtu mwingine?"

Njia nzima ya kurudi, kwenye barabara kuu ya Beltway, nilipanga namna ya kuomba msamaha. Lakini kichwa changu kiliendelea na kazi yake: hawa ni marafiki wa zamani, huenda anamfichia aibu. Nilipofika niliandika jina la mjomba kwenye ukurasa, gitaa la solo, nikauchapisha kwenye karatasi. Aliporudi kutoka kazini nikampa ile karatasi kabla hajavua sare.

Aliisoma amesimama, akifuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama. Pembeni ya jina lake nilikuwa nimeandika: kwa mujibu wa mpiga ngoma.

"Nifute," alisema.

Nikamwambia nitaondoa yale maneno tu, jina libaki.

"Sikusema ufute maneno. Umekaa nami mwaka mzima hapa, na gitaa lilikuwa pale kwenye kiti. Hukuniambia hata siku moja, mjomba, hebu piga ule wimbo nisikie. Umeenda kumuuliza mtu wa Landover."

Nilisema samahani, na hata mimi niliisikia jinsi ilivyokuwa ndogo. Akaenda kunawa, akapasha wali, akatupakulia sote wawili.

Usiku huohuo nilimfuta. Nafasi ya gitaa la solo ikabaki tupu. Wapenzi wa bendi zile waliniandikia kutoka London na Toronto wakiuliza ni nani aliyepiga, na kila mara niliwajibu kwamba haijulikani.