Macho Yanayotazamana

Kila ninapopika jamu ya plamsi na ule uchachu wa moto ukapanda na mvuke, narudi jikoni kwa mama, nimevaa gauni jeupe la kipaimara, na ukungu umeziba dirisha.

Siku hiyo ndugu walijaa uani, wengine wamepanda milima kutoka Mnazi, kule tambarare. Mjomba, kaka yake mama, alisifika kwa maneno. Alikuwa akianza kwa kukusifu, nawe ukajiachia, kisha akakumaliza. Aliposimama kutoa neno, aliniita mbele. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu mtazameni binti yetu," aliwaambia wageni. "Nimetembea mpaka Rangwi, sijaona macho mazuri kama haya."

Nilikuwa na makengeza, na hakuna aliyewahi kuyasifu macho yangu. Nikainua uso, nikatabasamu.

"Ni mazuri mno," akaendelea. "Ndiyo maana hayaachi kutazamana."

Ua mzima uliangua kicheko. Mchungaji alipaliwa na soda. Mama naye alicheka, mkono mdomoni, nami nikabaki na tabasamu nisilojua pa kulipeleka.

Nilikimbilia jikoni. Mama akanifuata, akanifuta machozi kwa pindo la kanga lililokuwa linanata jamu.

"Nyamaza, mwanangu. Mjomba wako anatania tu."

"Kwani mimi ni mbaya, mama?"

Aligeukia jiko, akakoroga sufuria kwa muda mrefu.

"Wewe una akili sana," alisema.