Kifuko Ndani ya Foronya

Sisi Wapemba tuna sifa mbili duniani, karafuu na uchawi. Ya kwanza huuzwa, ya pili hutufuata bure popote tuendapo. Mimi ilinifuata mpaka mji wa Ibra, Oman, kwenye nyumba niliyokuwa nikifanya kazi za ndani, ikanikuta nimeshika foronya.

Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja mzee, mzaliwa wa Unguja mjini, aliyekuja Oman akiwa msichana na Kiswahili chake kizima. Alikuwa akiishi na binti yake, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, ambaye mimi nikimwita Mama. Kazi ya Bibi ilikuwa bukhuri. Akiichanganya mwenyewe: udi wa kuponda, sandali, marashi, na sukari iliyopikwa mpaka ikawa nzito. Lakini wageni wa heshima akiwachomea kipande cha udi peke yake.

"Udi mtupu hauna siri," akiniambia. "Mchanganyiko, mwanangu, lazima umjue aliyeuchanganya."

Macho yake yalikuwa yamechoka, pua yake hata kidogo. Alikuwa akikaa sebuleni akajua kitunguu kimeungua kabla mimi niliyesimama jikoni sijajua.

Wiki hiyo Bibi alikuwa akilala mno. Mtu ambaye alfajiri haikuwahi kumpita, tukawa tunamwamsha jua limeshatoka. Mama akaingiwa na wasiwasi, akaanza kumsomea Ayatul Kursiy kichwani. Alhamisi asubuhi nilikuwa navua foronya za kufua, kidole kikagusa kitu ndani ya ile ya Bibi. Kilikuwa kifuko kidogo cha hariri, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na juu yake pametariziwa maandishi ambayo hayakuwa Kiarabu wala herufi yoyote niijuayo. Ndani mlikuwa na unga, na ule unga ulinukia kweli kweli.

Nikajiambia hii ni hirizi. Na nikajua ni nani atakayeambiwa ameiweka. Mtu mwenye akili angekwenda kwa Mama pale pale akasema, tazama nimekuta nini. Mimi akili zilinihama. Nikakitia mfukoni mwa dera nikasema nitakitupa nikitoka na taka. Mpaka leo nikiukumbuka ujinga ule najitukana mwenyewe.

Saa ya kahawa ikafika kabla sijapata nafasi ya kutoka. Nikainama kumpa Bibi kikombe chake, naye hakukipokea.

"Wewe, umejifukiza nini leo?"

"Sijajifukiza, Bibi."

"Unanukia. Na si bukhuri yangu hiyo."

Nikasema labda sabuni. Sauti yangu niliisikia mwenyewe jinsi inavyodanganya. Mama akainuka, akatia mkono mfukoni mwangu bila kuniuliza, akakitoa kile kifuko.

"Mo hadha? Nini hii? Umeitoa wapi?"

"Kwenye mto wa Bibi, Mama. Wallahi nimekikuta nikivua foronya."

"Umekikuta, ukakificha?"

 Jibu la kweli lilikuwa kwamba nilimwogopa yeye, na hilo halisemeki mbele ya mwenyewe.

Bibi akaomba mkasi. Akakata ule uzi, akamwaga unga kwenye sinia, akawa anachukua kidogo kidogo kwa vidole na kunusa amefumba macho. "Sandali," akasema. "Udi, tena mzuri. Kafuri kidogo. Karafuu." Hapo Mama akanigeukia. "Na kuna kitu cha tano, hicho sikijui."

"Karafuu," Mama akasema. "Karafuu ya wapi?"

Jikoni mle mlikuwa na kopo zima la karafuu. Chai ya nyumba ile haikunywewa bila karafuu. Lakini asubuhi ile karafuu ikawa ni mimi.

"Bibi, nisemee," nikamwomba. "Wewe unanijua."

"Mimi najua harufu, mwanangu. Mkono ulioitia humo sijui ni wa nani."

Mumewe Mama alikuwa Sur, kwa hiyo Mama akampigia simu kaka yake wa Nizwa. Walizungumza Kiarabu cha haraka. Niliambulia maneno matatu: sihr, ndio uchawi; Pemba; na shurta, ndio polisi. Kaka mtu angefika baada ya sala ya Alasiri, anichukue mimi na ule unga, kwanza kwa shekhe, kisha polisi. Mama akaninyang'anya simu yangu. Halafu akaupiga picha unga na kifuko chake, akatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akawaambia wote wapekue mito yao.

Nikaambiwa nivae baibui na nifunge begi, nikangoje jikoni. Sijapata kuogopa vile maishani mwangu. Nilikwenda chooni mara nne na hakikutoka kitu. Kwetu Wete, mama yangu alikuwa akinilelea wanangu wawili, na mimi nilimwona kabisa mtu akisimama mlangoni kuwaambia mama yenu amefungwa Arabuni kwa uchawi. Niliwaona na majirani wakitikisa vichwa. Nilifika mahali nikajiuliza kama kweli si mimi niliyekiweka, pengine nilikiweka nikasahau. Hofu ikikaa na mtu saa nyingi humfundisha hata uongo dhidi ya nafsi yake.

Adhana ya Alasiri ikaadhiniwa. Watu wakasali, mimi nikasali nikakosea rakaa. Gari likaingia uani. Na hapo hapo simu ya Mama ikalia.

Alikuwa binti yake. Anafanya kazi Ras al Jinz, kwenye kituo cha kasa, na kwa kuwa wageni hupelekwa pwani usiku na alfajiri, yeye hulala mchana. Ndiyo kwanza ameamka akakuta ile picha. Alikuwa anacheka mpaka hasikiki vizuri. Mama akaweka sauti kubwa.

"Mama, hiyo kifuko nimeweka mimi! Nilivyokuja Ijumaa. Nilitaka Bibi aikute mwenyewe. Hiyo mal nom, ya kulalia tu. Mgeni mmoja Mchina amenipa. Imeandikwa amani."

Bibi akaivuta simu. "Wachina wanachanganya bukhuri?"

"Wanachanganya, Bibi, tangu zamani. Mgeni aliniambia iko namna mbili. Iko udi peke yake, wanachoma wanakaa kimya wanainusa. Na iko ya kuchanganya, kila kitu na kipimo yake, kama dawa. Wanafunga kwenye chupa, wanazika chini siku nyingi mpaka harufu inakuwa moja."

"Wanatia sukari?"

"Asali, Bibi. Ile ya kuchoma wanatia asali."

"Asali! Mimi sikuwahi kufikiri asali. Na kile kitu cha tano?"

"Majani makavu ya kwao. Wanafunga mlangoni pia, kufukuza wadudu."

Wadudu! Kaka mtu alikuwa keshaingia, amesimama na ufunguo wa gari mkononi. Mama akamweleza, wote wakacheka. Bibi bado anauliza asali kiasi gani kwa udi kiasi gani. Mimi nimesimama mlangoni na begi langu, hakuna aliyenitazama, mpaka kaka mtu alipotaka kahawa. Nikaweka begi chini nikaileta. 

Baadaye Mama akanirudishia simu. "Khalas, yamekwisha. Usiyaweke moyoni."

"Hakuna neno, Mama," nikasema.

Siku ya nne yake nilikuwa nachambua mchele. Mama akaingia jikoni, akafunga mlango. Tangu nianze kazi pale hakuwahi kuufunga mlango ule. Nikadhani wameona kifuko kingine.

Akaketi karibu yangu. Akazungumza polepole, Kiswahili kitupu, hana hata neno moja la Kiarabu. Mumewe ameoa mke mwingine huko Sur. Mwezi wa pili huu hajakanyaga nyumbani.

"Pole, Mama."

"Huko kwenu Pemba," akasema, "kuna watu. Nataka arudi tu. Sitamwambia mtu."

"Mama, mimi watu hao siwajui. Kwetu sisi tunachuma karafuu tu."

Akanishika mkono, akanitazama kwa upole ambao hakupata kunitazama nao.

"Najua unaogopa kwa sababu ya yale ya juzi," akasema. "Usijibu leo. Fikiri."

Akafungua mlango akatoka, akaniacha na ungo mapajani. Nilipokana mara ya kwanza aliniona mwongo. Sasa nikikana tena, ataona uwezo ninao na ninamnyima.