Kutafuta Baridi Endarasha

Niliondoka Nairobi kwenda kutafuta baridi. Mashine inayotengeneza naitrojeni ya majimaji pale chuoni ilikuwa imekufa, muuzaji wa mjini ameishiwa, na Jumatatu profesa wangu angeamua kama utafiti wangu utaendelea au utafungwa. Bila naitrojeni sikuwa na cha kumwonyesha.

Kazi yangu ni kutengeneza utando mwembamba unaopitisha umeme bila kupoteza hata kidogo, mradi upozwe. Wenyewe huuita wa "joto la juu", lakini usidanganyike. Joto hilo ni baridi ya kugandisha ua likavunjika kama glasi. Adui wake ni sumaku. Nguvu ya sumaku huupenya utando kama nyuzi, na umeme ukizidi, nyuzi hizo huanza kutangatanga. Zikitangatanga, umeme unapotea. Dawa ni kupanda kasoro ndani ya utando, chembe ndogo hivi kwamba unywele ni gogo la mkaratusi kando yake, ili kila uzi ushikwe mahali pake kama mbuzi kwenye kigingi. Mimi nilikuwa nimepanda nyingi. Profesa alisema nimezidisha, na kwamba huo utando nimeuua. "Kama uko hai, nionyeshe," akasema.

Jumamosi alfajiri nikashika barabara ya Thika na gari la kuazima. Mjomba wangu Wachira hupandisha ng'ombe huko Kieni, na mbegu za fahali anazotumia hukaa ndani ya mtungi wa naitrojeni. Wenye ng'ombe wana baridi, mwanasayansi hana! Nilicheka peke yangu hadi Karatina.

Nyeri mjini nilipata mvua nyepesi na mjomba akiningoja kando ya pikipiki yake, buti miguuni.

"Hii mtungi iko na mbegu ya ng'ombe za watu," akaniambia hata kabla ya salamu. "Wewe utapata yenye itabaki, baada ya ng'ombe ya mwisho. Sawa?"

"Sawa, anko."

"Na usiniharakishe. Ng'ombe haijui Jumatatu yako."

Kuanzia Mweiga nilimfuata boma kwa boma. Ng'ombe wa kwanza alitulia, wa pili alimpiga mjomba mkia wa uso, wa tatu akagoma kabisa kuingia kwenye kizuizi. Kila mahali nilihesabu moyoni mvuke uliotoka mtungi ulipofunguliwa. Ile ilikuwa Jumatatu yangu ikipaa angani.

Endarasha, mchana, tulifika kwa ng'ombe wa mwisho, nyumbani kwa Mama Njeri, mjane mchangamfu mwenye viazi vizuri kuliko vya jirani yeyote, kwa maneno yake mwenyewe. Kazi ikaisha. Mjomba akanimiminia naitrojeni kwenye chupa yangu ya chai, akanikumbusha niache mdomo wa chupa wazi, mvuke upate pa kutokea. Nikaiweka mezani jikoni, nikaaga.

"Ati unaenda?" Mama Njeri akashangaa. "Hakuna mtu hutoka hapa na tumbo tupu. Haraka haina baraka. Nawa mikono."

Nikaenda kunawa. Sasa, Kieni ni nchi ya baridi, na chai ikipoa mbele ya mgeni hiyo ni aibu ya mwaka mzima. Mama Njeri aliona chupa wazi, inafuka moshi, akanihurumia. Akachukua kigunzi cha mahindi, akakizungushia kitambaa, akakishindilia kwa kiganja kama anavyoziba chupa zake zote.

Tulikuwa tumeketi tu mlio ukapasuka. Kigunzi kikaruka, kikagonga mabati, kikatua katikati ya sufuria ya mukimo wa viazi vya kupondwa. Wingu jeupe likajaa jikoni.

"Woi! Chai yako iko na pepo!" Mama Njeri akapiga kelele, mwiko mkononi.

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa karibu kulia. Chupani kulibaki vidole viwili tu vya naitrojeni.

"Nikikuongezea, mbegu za watu zitakufa," mjomba akasema kwa upole.

Basi ikawa ni hapo hapo, kwani kilichobaki kisingefika Nairobi. Nikatoa garini vijisahani viwili vya sponji nilivyokuja navyo: kimoja nimekibandikia utando wa kawaida wa maabara, wenye kasoro chache, na cha pili utando wangu. Nikaweka sumaku juu ya kila kimoja, karatasi nene katikati, nikagawanya naitrojeni yote. Mjomba akashika simu kurekodi. Mvuke ulipotulia nikatoa karatasi, nikainua sumaku zote mbili.

Vijisahani vikapanda pamoja nazo, vikaning'inia hewani bila kuguswa. Utando wangu ulikuwa hai!

"Haki ya Mungu," Mama Njeri akanong'ona. "Inashikwa na nini?"

"Na kasoro nilizopanda ndani."

"Kwani unalipwa kuharibu?" Akachota maharagwe kwenye ungo. "Wacha tuone."

Akaanza kuweka haragwe moja huku, moja kule, kama anayegawia watoto chakula. Cha maabara kikayumba, kikaanguka. Changu kikabaki. Akaongeza, akaongeza tena, kikabaki, mpaka naitrojeni ikaisha na maharagwe yakamwagika yote mezani. Nilimkumbatia yule mama na mwiko wake. Kisha tukala mukimo, pale kigunzi kilipotua tukiparuka kidogo.

Jumapili nilirudi Nairobi na viazi nusu gunia nyuma ya gari.

Jumatatu profesa aliitazama video mara mbili, pamoja na kelele za "Woi!". Akasema jaribio la maharagwe halitoshi kuandikia makala, lakini utando uko hai, na niendelee. Nilitaka kuruka, nikajizuia.

Mashine imeshatengenezwa. Chupa yangu bado naiziba kwa kigunzi cha Mama Njeri, alichonipa kwa lazima. Wanafunzi wapya huuliza kwa nini nimekitoboa tundu katikati, kitu kizima kizuri hivyo. Huwaambia kwamba tundu hilo ndilo linalokifanya kikae mahali pake.