Kiti cha Baba Nimekikwangua Mimi, Anayefukuzwa ni Mbwa

Wadau, mwangaluka. Admin, majina nimeyabadilisha, lakini ukiona mahali pananitaja pafute, maana mume wangu naye huupitia ukurasa huu akisubiri gundi ikauke. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, naishi Somanda hapa Bariadi, nina ndoa ya miaka kumi na saba na watoto watatu. Mume wangu nitamwita Baba Limi. Kazi yake ni kufufua fenicha chakavu: makochi, makabati, meza za ofisini zilizotupwa. Mkono anao, hilo silipingi. Shida yake hamalizi.

Sebuleni kwangu, jamani, unapita kwa kuruka. Kuna kochi la mwalimu halina sponji tangu msimu uliopita wa mahindi, kuna kabati la mama mchungaji halina milango, na mbwa wawili wa mume wangu wanalalia kila kinachokalika. Mgeni akija nampa ndoo niliyoigeuza. Mke wa fundi viti, nampa mgeni ndoo. Nikilalamika ananijibu, "Mama Limi, usinikimbize, nitaharibu kazi ya watu," kisha anawapigia mluzi mbwa wake wanatoka zao.

Kiti kimoja tu ndani ya ile nyumba kilikuwa changu. Baba yangu alikuwa mpima pamba kwenye chama cha ushirika kijijini kwetu. Nikiwa darasa la tano wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, chama kikafa taratibu, mwishowe ghala likafungwa na vitu vikagawanywa. Baba akarudi nyumbani amebeba kichwani kiti chake cha mninga, akakikalia uani miaka yote iliyobaki. Kwetu kiti cha baba mtoto hakikalii, hata baba akiwa safarini. Akiwa na mawazo alikuwa anausugua mkono wa kulia wa kile kiti kwa kidole gumba, miaka na miaka, mpaka mbao ikabonyea pakawa na kishimo.

Alipofariki, kaka zangu walichukua ng'ombe. Mimi niliyemuuguza nikapewa kiti, na mbwa wake, Soja, akaifuata pikipiki iliyokibeba mpaka Somanda. Tangu hapo akawa analala chini ya kile kiti. Na mimi, nisiwafiche, jioni nilikuwa natandika mkeka kando yake, naweka kidole gumba changu kwenye kile kishimo, natulia. Sikuwahi kumweleza mume wangu. Nilidhani mtu akiona anaelewa.

Mwezi uliopita nilikwenda Nassa siku kumi kumuuguza dada yangu. Narudi, namkuta Baba Limi mlangoni anatabasamu peke yake. Akanishika mkono. "Fumba macho." Nafumbua, kiti cha baba kinang'aa. Amekipiga randa, msasa, vanishi mara tatu, ameweka sponji na kitambaa chekundu.

"Nimeona unavyokipenda," akaniambia. "Nikasema mke wangu naye apate kitu kilichokamilika. Hata ule mkono wa kulia ulikuwa umebonyea, nimeusawazisha."

Nikapitisha kidole. Tambarare kabisa. Ile harufu ya tumbaku ya baba yangu nayo imetoka, imebaki ya vanishi.

Nikasema asante. Ningesema nini? Miaka kumi na saba namlilia mwanaume amalize kitu kimoja, na siku aliyomaliza, akamaliza hicho.

Soja alikuja, akanusa miguu ya kiti, akaondoka. Nikamfuata. Akaenda nyuma ya nyumba kwenye rundo la maranda yaliyotoka kwenye kile kiti, akajizungusha, akalala. Nililia pale pale, watoto walipotokea nikasema ni vumbi.

Sasa majirani wanakuja kukitazama. Mume wangu anawakalisha, anajisifu, na wengine wameanza kumletea kazi kwa sababu yake. Kila anayekikalia ananipandisha hasira, na siwezi kusema, maana mwenye kosa amekosa kwa mapenzi. Jumatatu alipotoka kwenda kutafuta mbao, nilichukua kipande cha bati nikaanza kuukwangua ule mkono wa kulia. Nadhani nilitaka kukirudisha kishimo, sijui. Nilikwangua kwa hasira mpaka vanishi ikatoka mistari mirefu. Nilipopata akili nikaogopa, nikalitupa bati chooni.

Baba Limi aliporudi aliinama mbele ya kiti, akaipitishia kidole ile mistari. Kisha akamgeukia Soja.

"Huyu mbwa hajakipenda kiti changu tangu siku ya kwanza," akasema. "Tazama alivyokiparura."

Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Nikaendelea kusonga ugali.

Tangu siku hiyo Soja amefungwa kamba, mbwa wa miaka tisa ambaye hajawahi kufungwa. Jumamosi binamu ya mume wangu, anayefuga kule Bukundi, anakuja kumchukua akalinde ng'ombe. Kule fisi wamejaa, mbwa mzee hata mwezi hamalizi. Leo ni Alhamisi. Mara mbili nimefungua mdomo niseme ukweli, nikajikuta nasema chai iko tayari. Nikinyamaza, nimemtoa mbwa wa baba yangu aliwe kwa kosa langu. Nikisema, mume wangu atajua kwamba zawadi aliyoitengeneza kwa moyo wote niliichukia tangu nilipofumbua macho. Na mwenyewe yuko pale ameinama, anaupiga msasa upya ule mkono, na ananiambia safari hii atausawazisha zaidi.

Wa kuniambia ni kiti tu, ni mbwa tu, naomba apite. Ninyi mliokaa kwenye ndoa mkajua uzito wa kumwambia mtu jambo la namna hii, nielekezeni naanzia wapi. Naandika nikiwa hapa uani, na Soja ananitazama. Siku ile alikuwa amelala mlangoni. Ni yeye peke yake aliyeniona na lile bati.