Gramu za Randall Pruitt

Randall Pruitt ameuza magodoro hapa Fortuna maisha yake yote ya utu uzima, na simjui mtu mwingine mjini kwetu anayelala vibaya kama yeye kwa hiari yake. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na uzio wa mbao tu, kwa hiyo najua ninachokisema. Siku moja mtu alimwonyesha kwenye simu video za wale watembezi wa porini wanaojisifu kwa wepesi wa mashanta yao, na tangu hapo tulipoteza jirani. Tukabaki na mtu wa gramu.

Alinunua mizani ya jikoni, akaanza kupima soksi. Alikata mpini wa mswaki, akabaki na kipande anachokishika kwa ncha za vidole kama mtu anayenusa ugoro. Alikata mpini wa kijiko. Alitoa kisu kwenye shanta kwa sababu kilikuwa kizito kuliko faida yake, na mkanda wa suruali akaubadilisha kwa uzi. Godoro lake la porini, yeye muuza magodoro, ni kipande cha sponji kinachoanzia mabegani na kuishia kiunoni, kwani miguu, anasema, haihitaji starehe. Mwenyewe ana kitambi ambacho hajawahi kukipandisha kwenye mizani. Nilimwambia hivyo tukiwa uzioni. Akanijibu kwamba kitambi si mzigo, ni akiba.

Haya tungeyacheka yakaisha, kama asingekuja na wazo la kuuza nyumba. Alitaka astaafu, nyumba iuzwe, na yeye na mkewe Corinne waishi kwa kutembea kutoka mpaka wa Mexico hadi wa Kanada, kila walicho nacho kikiwa mgongoni. Corinne ni dereva wa basi la shule, mtu wa maneno machache. Nyumba ile ameipaka rangi kwa mikono yake, chumba kwa chumba, na mitufaha iliyo nyuma aliipanda yeye. Walibishana majira yote ya baridi. Mwishowe Randall akatoa shauri.

"Twende ile njia ya porini ya Pwani Iliyopotea, mimi na wewe, siku chache tu. Wa kwanza kutamka kwamba anatamani kitu cha nyumbani kashindwa, na mwenzake ndiye anayeamua habari ya nyumba."

"Neno ni neno?" Corinne akauliza.

"Neno ni neno, mke wangu."

Lilikuwa shauri la hila, maana aliyeipenda nyumba ndiye aliyetakiwa asiitaje. Nilikasirika kwa niaba ya Corinne. Yeye akaenda kutafuta viatu.

Jioni waliyofunga mizigo nilikuwa jikoni kwao, nimefuata ufunguo wa kumlishia paka wao. Kule milima inashuka moja kwa moja hadi baharini na dubu hushuka nayo, kwa hiyo huruhusiwi kulala bila kopo la dubu, ndoo ya plastiki ngumu ambamo chakula chote hutiwa. Kifuniko chake kina makomeo mawili yanayozungushwa kwa sarafu, kwa kuwa dubu hana sarafu. Randall alishindilia chakula, akachukua robo dola kwenye kisahani kilicho karibu na mlango, akafunga makomeo, akairudisha robo kwenye kisahani. Kisha akamgeukia mkewe.

"Toa sarafu zote mfukoni. Huko porini kuna duka? Dubu anauza soda?"

Corinne akatazama kopo, akatazama kisahani, akanitazama mimi. Mimi nikanywa kahawa yangu.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Corinne. Walitembea kutwa, bahari kulia na mlima kushoto, upepo ukiwapiga usoni. Njia yenyewe ni mawe ya mviringo yanayoteleza chini ya kila hatua. Simba bahari walijilaza wakikoroma, na Corinne akawaonea wivu. Anasema alikitamani kiti cha sebuleni kwake hadi machozi yakamlenga, lakini akauma ulimi. Mchana walikula karanga zilizokuwa mfukoni, zikaisha. Randall alitangulia, akihutubia upepo kuhusu uhuru.

Jua likiwa bado juu ya maji walipiga hema kando ya kijito. Randall akachemsha maji, akalipakata kopo.

"Corinne, nipe kitu bapa."

"Kama nini?"

"Chochote. Kisu."

"Si ulikitoa?"

Akajaribu kijiko, kile kipande kikapinda. Akajaribu ukucha, ukavunjika. Bizimu ya mkanda ingemfaa, lakini suruali yake ilishikiliwa na uzi. Akalipiga kopo kwa jiwe. Akalipiga teke, likabingirika hadi kwenye mawimbi, akalikimbilia huku suruali ikimshuka. Maji yalichemka yakakauka sufuriani. Rakuni mmoja, mnyama mdogo mdokozi wa chakula, akatoka vichakani, akakaa kutazama.

"Hivi dubu angelifungua?" Corinne akauliza.

"Dubu hawezi. Ndiyo maana likatengenezwa hivi."

"Basi leo wewe na yeye mko sawa."

Randall akakaa mchangani, kopo miguuni. Njaa ilikuwa imemkaba, na akiba ya kitambi, kumbe, haitoki kwa haraka. Akashusha pumzi.

"Laiti ningekuwa na ile robo ya kwenye kisahani."

"Umesemaje?"

"Nimesema..."

"Rudia, upepo umeniziba masikio."

"Hiyo haihesabiki, Corinne. Hicho ni kifaa tu."

"Kiko wapi hicho kifaa?"

"Jikoni."

"Jikoni kwa nani?"

Corinne akavua kofia, akatoa robo dola kwenye mkunjo wake, akazungusha makomeo. Akatoa mkate na siagi ya karanga, akaanza kula yeye kwanza, polepole.

"Umetembea nayo kutwa nzima?" Randall akauliza. "Na hukuniambia?"

"Ulipima kila kitu, bwana. Kofia yangu hukuipima."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Randall sasa anasimulia mgahawani kwamba siku ile alikuwa anajaribu uimara wa kopo, na wapo wanaomwitikia kwa heshima. Nyumba haijauzwa. Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha jioni, tukiwa katikati ya kula akaweka uma chini, akaanza, "Unajua, nyumba hii ni kubwa mno kwa watu wawili." Corinne akainuka, akaenda kwenye kisahani, akarudi na robo na kuiweka kando ya sahani ya mumewe.

Randall akaitazama kidogo. Kisha akaniomba nimpitishie chumvi.