Jogoo wa Deo Hakuwika

Asubuhi ile ya baridi ninayo kichwani mpaka leo, mwanangu, kwa sababu jogoo hakuwika. Sogea karibu na moto nikusimulie wakati chungu kinaiva. Na usinikatize. Unanijua, uzee umeniondolea meno lakini mdomo umeniachia vilevile.

Ilikuwa kiangazi, ile miezi ambayo huku Ngara upepo unakata masikio na vumbi linaingia mpaka kwenye uji. Vita vya Kagera vilikuwa vinaelekea kwisha, redio ya mwenyekiti ilisema tumeshinda, lakini vijana wetu walikuwa hawajarudi. Sisi tulishahamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mstari kama madawati, baridi inapita katikati inavyotaka. Migomba yetu tuliiacha kule mahameni, kwenye kilima. Ukitaka ndizi, unapanda kilima. Ukitaka kuni, unapanda kilima.

Kaka yangu Deo alikwenda vitani na mgambo. Kabla hajapanda lori alimkamata jogoo wake mwekundu, akampa Mama mkononi, akasema, "Huyu asiguswe na mtu. Nikirudi ndiyo mtanichinjia." Tukacheka. Lori lilipopotea kwenye kona, hakuna aliyecheka tena. Toka siku ile yule jogoo hakuwa kuku tena, mwanangu. Alfajiri akiwika, Mama anafanya ishara ya msalaba, kana kwamba Deo mwenyewe amebisha hodi. Kideri kilipopita kijijini kikamaliza mitetea wote, jogoo akabaki. Mama akasema, "Mmeona? Mwanangu mzima."

Deo alimwacha mke wake, Skola, ana mimba. Alijifungua mvua zinaishia, mtoto wa kiume. Baridi ilipoanza, Skola akaanza kukohoa. Mwili ukaisha, mashavu yakaingia ndani, maziwa yakapungua. Mtoto akawa analia sauti nyembamba, kama paka aliyefungiwa stoo. Nikambeba Skola na mtoto wake mpaka Rulenge, kwenye hospitali ya misheni. Namaanisha nilimbeba kweli, pale aliposhindwa kupanda. Shangazi alitufuata nyuma.

Nesi akamtazama, akauliza, "Huyu mama anakula nini?"

"Anakula vizuri," Shangazi akadakia. "Uji. Viazi."

"Kuku je? Mayai?"

Shangazi akaangalia dirishani. Nesi naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Akasema, "Mzazi hawezi kunyonyesha kwa viazi vitupu. Asipopata kuku na maharage na mboga, mtoto huyu hatafika kwenye mvua."

Nyinyi wa leo mnagombania paja, hamjui tulikotoka. Zamani huku kwetu mwanamke hakula kuku. Unamfuga, unamnyonyoa, unampika, unawapakulia wanaume, halafu unakwenda kukaa jikoni na kiazi chako. Hata chumvi ya mchuzi tulikisia kwa macho. Na mwanamke ambaye mume wake yuko vitani, huyo ndiyo kabisa. Akila kuku, walisema, mkosi unamfuata mume huko huko aliko.

Mimi nilishakula. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye madaftari ya Deo, na kupika kuku nilijifunza mwenyewe, kwa kuonja nikiwa nimewageuzia watu mgongo. Sikuota ndevu, kama walivyotutisha. Basi njiani tunarudi nikamwambia Shangazi, pale pale barabarani, "Leo Skola anakula kuku."

"Kuku gani? Aliyebaki si wa Deo? Unataka kumzika kaka yako angali hai?"

"Nataka kumponya mtoto wake!"

"Yustina, mdomo wako huo utakukosesha mume."

"Afadhali mimi nikose mume kuliko Deo akose mtoto."

Shangazi akasimama. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Shangazi ndiye aliyesemea ukoo, na alijua hivyo. Akaninyooshea kidole. "Ukimgusa yule jogoo, likitokea lolote kwa Deo, ni wewe." Skola alikuwa katikati yetu, anasikia yote. Alimkaza tu mtoto kifuani.

Nilikaa na hasira ile kama mtu aliyemeza kaa la moto. Kesho yake ilikuwa zamu ya mtaa wetu kwenye shamba la kijiji, na hakuna aliyeruhusiwa kubaki isipokuwa mzazi. Skola angeshinda peke yake, hana nguvu ya kukoka moto, moshi wenyewe unamkohoza. Nikasema nitampikia jioni hii hii chakula cha kesho. Mama na Shangazi wakaenda kwenye rozari ya kuwaombea askari. Mimi nikamfuata jogoo.

Sitakusimulia alivyonitazama.

Nilimchemsha kwanza mpaka akalainika, maana jogoo mzee ni mgumu. Mafuta yaliyoelea juu nikayaengua, mgonjwa wa kifua hayamfai. Nikapitisha majani ya mgomba motoni yasipasuke, nikatandika ndani ya chungu. Chini viazi, juu yake maharage niliyokwisha kuchemsha, halafu nyama, halafu majani ya maboga, juu kabisa ndizi. Supu ya kuku kidogo tu, vitunguu, nyanya. Nikafunika kwa majani, nikaweka juu ya makaa madogo yaliyochanganyika na majivu, nikaacha kiive polepole bila kukikoroga. Kwa baridi ile, kilichoiva jioni unakipoza, unakiweka penye ubaridi, asubuhi unakichemsha tena mpaka kitokote. Ukishakitumbukiza kwenye kapu lililojazwa majani makavu ya mgomba, mchana bado kina moto. Mzazi hahitaji kuinuka kukoka, anafunua na kula.

Lakini sikiliza nilichofanya na ile nyama. Niliichambua yote, nyuzi nyuzi, nikaificha katikati ya maharage. Mifupa na manyoya nikafukia nyuma ya nyumba. Skola akauliza kutoka kitandani, "Wifi, kinanukia nini hicho?"

"Uyoga mkavu. Nimepewa na watu wa Bukiriro."

Angejuaje? Kifua kilimwachia nusu pua, na kuku wenyewe hajawahi kuwaonja maisha yake yote. Mama aliporudi usiku chungu kilishafunikwa na kupoa, nikajiona mjanja kweli.

Alfajiri nikaamka kupasha chungu. Baridi kali, pumzi inaonekana. Mama naye aliamka, nikamsikia amekaa kitandani, kimya. Anasubiri. Nyumba ya jirani wanakohoa, wanaita watoto. Kwetu kimya. Mama akatoka uani, akazunguka nyumba, akarudi. Skola alikuwa amejikongoja na mtoto mpaka kwenye mkeka, mlangoni mwa jikoni; nikaharakisha, nikampakulia sahani, nikamwekea mkononi. "Kula, wifi, kabla hakijapoa."

Mama akaingia jikoni. Hakunisalimia. Akafunua jani moja la chungu, akanusa. Mwanamke yule alikuwa amepika kuku tangu akiwa binti, hakuhitaji kuambiwa. Skola alishachota kijiko, kiko njiani kwenda mdomoni.

"Skola. Weka chini."

Kijiko kikarudi. Mimi nikalipuka. "Mama, mwache ale! Nesi kasema! Mnataka afe ili mila zenu zishibe?"

"Sijasema asile," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka nikanyamaza ili nimsikie. "Umemwambia ni nini?"

Skola akajibu. "Uyoga."

Mama akanitazama, mwanangu, na aibu ile ninayo mpaka leo. "Deo hajarudi," akasema. "Tuseme kesho balozi wa nyumba kumi anakuja na habari mbaya. Tuseme siku moja huyu anajua alichokula. Atajiona amemuua mume wake, na atajiona hivyo mpaka anaingia kaburini. Wewe utakuwa wapi? Utakuwa umeolewa, unapiga kelele kwa watu wengine. Unampenda, naona. Lakini umeamua badala yake kitu ambacho yeye ndiye atakayekibeba."

Skola akaelewa. Akaisukuma sahani. "Jogoo wa Deo?" Akaanza kulia bila sauti, na mtoto akaanza kulia kwa sauti, na hapo hapo Shangazi akasimama mlangoni na jembe begani, tayari kwa shamba la kijiji. Akaona chungu. Akaona machozi. Hakuhitaji kuuliza.

"Mmemchinja!" Jembe likaanguka. "Mama Deo, hawa watoto wamemuua mwanao na wewe umekaa unawatazama?"

"Ni mimi," nikasema. "Skola hakujua. Ukitaka kulaani, nilaani mimi."

"Nyamaza, Yustina," akasema Mama. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitegemea. Alikaa chini kwenye mkeka, akavuta sahani ya Skola, akakunja sketi yake vizuri kama anayesubiri komunyo. Mama yangu. Mwanamke ambaye hakuwahi kuweka kuku mdomoni.

"Wifi, usithubutu," Shangazi akasema. Sasa alikuwa anaogopa, hakuwa na hasira tena. "Ni mwanao mmoja wa kiume."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyemzaa. Kama kuna mkosi, uanzie kwangu, upite kwangu, usimguse mke wake." Akachota. Akaweka mdomoni, akatafuna polepole, macho amefumba. Akameza.

"Chumvi imezidi," akasema.

Nakuapia, mwanangu, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mama akamgeukia Skola. "Huyu ni jogoo wa mume wako. Sasa unajua. Mimi nimekula. Wewe usipotaka, hakuna atakayekulazimisha, hata huyu mwenye mdomo." Skola akamtazama mtoto muda mrefu. Halafu akachukua kijiko. Alikula akilia, lakini alikula, na alijua anachokula.

Hajamaliza, tukasikia viatu nje. Balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu wa kelele, ukimsikia mbali unajua anakuja. Siku ile alikuja kimya, kofia mkononi.

Shangazi akajishika kichwa. "Nilisema. Nilisema mimi."

"Mama Deo," balozi akaanza. "Kuna taarifa, imetoka wilayani."

Skola kijiko kikamtoka. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Na wazo lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa lile lile la Shangazi: nimemuua. Mimi, msomaji wa madaftari, niliyejidai siamini.

"Sema," Mama akamwambia.

"Deo ameumia. Risasi ya mguu. Yuko hospitali, wanasema atapona, lakini atachechemea."

Shangazi akapiga yowe. Akanyoosha kidole kwenye chungu, akanyoosha kwa Skola. Na Skola alikuwa tayari kuamini, nilimwona usoni anavyobomoka. Mama akainua mkono.

"Balozi. Aliumia lini?"

"Aa, siku nyingi, mama. Mvua zilikuwa bado zinanyesha. Habari ndiyo imechelewa njiani."

"Mvua zilikuwa bado zinanyesha," Mama akarudia, anamtazama Shangazi, sio balozi. "Basi siku hiyo jogoo wake alikuwa anawika hapa uani, na sisi sote tunafanya ishara ya msalaba."

Shangazi akaokota jembe lake akaenda shambani. Mama akamsogezea Skola sahani. "Kula, mwanangu. Mume wako anarudi, atataka kumkuta mtoto ana mashavu."

Sitakudanganya kwamba Shangazi alibadilika. Hakula kuku mpaka anaingia kaburini. Lakini haukupita muda mrefu akaja na mtetea amemshika miguu, sijui alimtoa wapi, kuku wenyewe walikuwa hawapatikani. Akamweka mlangoni akasema, "Mimi sili. Huyu ni wa mzazi." Akaondoka hata kabla hatujamshukuru. Na kwa hilo, mtu asimseme vibaya Shangazi yangu mbele yangu.

Deo alirudi na fimbo, akakaa uani, akampakata mwanawe aliyenona kama boga. Akatazama huku na huku. "Jogoo wangu yuko wapi?" Skola akasema, "Nilimla." Akasema wazi, anamtazama machoni. Deo akambonyeza mtoto shavu. "Naona. Basi na wewe, mwanangu, umenilia paja."

Sasa, mwanangu, wewe unakwenda kumtunza dada yako aliyejifungua, na baridi ndiyo hii. Mpikie mapema, siku moja kabla, asikae kwenye moshi. Chemsha kuku kwanza, engua mafuta, tia maharage na mboga za majani, usikoroge. Kipoze kabla hujakilaza, na asubuhi kitokote sawasawa, kisipashwe juu juu. Chumvi onja. Wewe unaruhusiwa kuonja, sisi hatukuruhusiwa. Na akikataa kula kitu, kaa naye chini, bishana naye, lia naye ikibidi, au tangulia kula mbele yake kama Mama. Usimfichie ndani ya maharage. Mtu unayempenda usimpe sahani ambayo huwezi kumwambia kilichomo. Hasira uliirithi kwangu, najua, sikuombi uitupe. Nakuomba uitumie mbele ya watu, mchana, mlango ukiwa wazi.

Nenda salama. Mungu akuwekee makaa yasiyozimika jikoni, akupe kifua kisichokohoa, na kila atakayekula mkononi mwako ale akiwa na amani. Haya, funua chungu. Anza na paja.