Nguo Sita za Mwanamke wa Tatu

Mimi ni fundi saa, na kwa miaka tisa nimefanya kazi chumba kimoja na mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Bi Futi. Meza yangu iko dirishani kwa sababu ya mwanga, cherehani yake iko ukutani karibu na umeme, na katikati tumesimamisha kioo kirefu ambacho wateja wake hujigeuzageuza mbele yake mpaka nasahau skrubu ipi nimeitoa wapi. Jina limetokana na ule utepe wa kupimia asioutoa shingoni hata akienda msibani. Kila kitu hupima mara mbili. Mteja akilalamika, "Mama, si umeshanipima?" yeye hujibu, "Mara ya kwanza nilikuwa nakusalimia."

Nataka kueleza habari za ile filamu, maana nimesikia watu wakizitia chumvi. Lakini kwanza niseme juu ya mdogo wake.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, katika mji wetu huu, wanawake watano waliuawa ndani ya miezi minane. Wote waliuawa kwenye barabara inayopita nyuma ya ukuta wa kiwanda, wote kabla jua halijatoka. Muuaji hakupatikana. Wanaume wawili walikamatwa, wakaachiwa, na jalada likabaki kabatini linakula vumbi. Wa tatu alikuwa mdogo wake Bi Futi, kitinda mimba wa kwao. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na zamu yake ilianza saa kumi na mbili alfajiri. Magazeti yakawaita wote watano "wanawake wa usiku". Mpaka leo nikilikumbuka neno lile damu inanichemka. Mtu anayefunga mlango wake saa kumi na moja na robo alfajiri, kashika ufunguo na leso, ni mwanamke wa usiku kwa saa ya nani?

Maneno yale yalimmaliza mama yao kuliko msiba wenyewe. Watu walikuja kumpa pole, na wakishakaa vizuri wanauliza kwa sauti ya chini, "Lakini alikuwa anatoka wapi saa zile?" Akaacha kwenda harusini, akaacha kwenda sokoni. Akilazimika kutoka, anajifunika mtandio mpaka machoni. Bi Futi aliniambia tangu mwanzo kwamba anataka jambo moja tu: kabla mama yake hajafa, watu waache kuuliza swali lile.

Mwaka jana wakaja watu wa filamu. Walikuwa wanatengeneza filamu ya kutisha, yenye damu na muziki wa kukimbiza roho, na wakasema wazi kwamba inatokana na mauaji ya kweli, yale yale ya nyuma ya kiwanda. Asubuhi moja msimamizi wao wa mavazi, mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa, aliingia kwetu na picha ya gauni jekundu, fupi, mgongo wazi. Alitaka magauni sita yanayofanana.

"Sita kwa mtu mmoja?" Bi Futi akauliza.

"Moja safi, moja la kukimbilia, moja lililochanika, mawili ya damu, na moja la akiba. Filamu ndivyo ilivyo, mama."

"Na huyo mvaaji ni nani kwenye hadithi?"

"Ni yule wa tatu. Anatoka kwenye starehe, kalewa kidogo, ndipo anakutana na muuaji."

Mimi niliangusha kibano. Bi Futi hakuangusha kitu. Alichukua vipimo vya mwigizaji kutoka kwenye karatasi ya yule mama, akaviandika kwenye daftari lake, kisha akasema wamlete mwigizaji mwenyewe Alhamisi aje kujaribu.

Mgeni alipotoka nikamgeukia. "Umekubali kazi ile?"

"Nimekubali."

"Bi Futi, uko sawa kweli?"

"Nikikataa atashona mwingine, na mimi nitabaki nje ya mlango napiga kelele. Nikishona, niko ndani."

Kesho yake alikwenda kumwona mwongozaji wa filamu. Alikalishwa kwenye kiti cha ukumbini tangu saa tatu hadi saa nane, akasikilizwa kwa dakika nne, tena wamesimama. Hakumwambia yeye ni nani. Alimwambia tu kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi na hakuvaa vile. Jibu lilikuwa hili: "Mama, hii ni filamu ya kutisha, si taarifa ya habari. Watazamaji wanataka rangi." Alirudi kazini, akavua viatu, akakaa kwenye cherehani. Nilidhani atalia. Akasema, "Nimeshapima mara moja."

Magauni mekundu aliyamaliza kwa siku tatu, yote sita, na mishono yake ilikuwa safi kama ya nguo ya bibi harusi. Siku ya nne akatandaza kitambaa cha bluu, kile kigumu cha makoti ya kazi. Nikajua anachofanya. Koti la kazi la mdogo wake alilishona yeye mwenyewe zamani, kwa sababu lile la hospitali lilikuwa linampwaya. Polisi walilichukua kama kielelezo, na mara nne walizokwenda kuliomba, yeye na mama yake, waliambiwa kwamba upelelezi unaendelea. Sasa alilikata upya bila kuchora. "Mabega yake nayajua," alisema. Akatia mfuko wa ndani upande wa kushoto. Kwenye mkono wa kulia akatia kiraka kidogo, pale pasi ilipowahi kuunguza. Alifanya hivyo mara sita. Mimi ambaye sikai nusu saa bila kumtania, siku zile mbili nilishinda nikifagia sakafu isiyo na taka.

Alhamisi mwigizaji akaja na yule msimamizi wa mavazi. Alikuwa binti mrefu, mcheshi, wa kuzoeana na watu upesi. Gauni jekundu lilimkaa barabara. Bi Futi akalikagua, akaridhika, akasema, "Sasa nijaribie na hili." Binti akavaa koti la bluu, akajitazama kwenye kioo, akaingiza mkono ndani kama kila mtu afanyavyo na nguo mpya, akakuta mfuko.

"Huu wa nini, mama?"

"Ufunguo na leso. Kwenye mapasi makubwa yale kuna joto, na alikuwa hapendi kujifuta jasho kwa kiganja."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Huyo wa tatu wenu."

Binti alikaa kwenye kiti changu bila kuomba. Msimamizi wa mavazi alivua miwani, akawa anaifuta tu, na ilikuwa safi. Kisha binti akaanza kuuliza: alitembeaje, alikuwa mwoga, alikuwa akiimba njiani? Walikaa saa nzima. Walipoondoka walibeba mafurushi yote mawili, na binti alikuwa bado amevaa koti la bluu.

Siku iliyofuata mwongozaji alikuja mwenyewe, kafura. Alisema mwigizaji wake hataki kuvaa jekundu. Alisema kuna watu wanajifanya waandishi.

Bi Futi akasimama. "Magauni yako sita umeyapata?"

"Nimeyapata."

"Yana kasoro?"

"Hayana."

"Basi sijakudhulumu. Haya ya bluu nimekuongezea. Na wewe uliyeandika, hebu niambie, dada yule alikuwa anatoka wapi?"

Mwanamume yule akatazama koti moja la bluu alilokuja nalo mkononi.

"Hujui. Mimi ni dada yake, najua. Hakuwa anatoka popote. Alikuwa anakwenda."

Mwongozaji akaliinua lile koti. Akalileta dirishani, mezani kwangu, akalitazama kwenye mwanga, akalikunjakunja. Mwisho akasema, "Damu itaonekana vizuri zaidi kwenye bluu." Akaondoka nalo.

Nilitamani kumtupia saa ya ukutani. "Umesikia alichosema huyo?"

"Nimesikia. Sababu ni yake. Mradi binti alivae." Na akarudi kwenye sare za shule alizokuwa anashona. Hasira nilibaki nazo mimi, siku mbili nzima.

Filamu ilipotoka, mama yao hakutaka hata kuisikia. "Nikamtazame mwanangu akiuawa?" Bi Futi hakubishana naye. Alimwuliza msimamizi wa mavazi dakika kamili: wa tatu anatokea dakika ya arobaini na mbili, anavamiwa dakika ya arobaini na sita. Kisha akanigeukia mimi. "Hii kazi yako. Wewe usitazame filamu, tazama saa. Tutoke kabla."

Tukaenda onyesho la saa tisa alasiri, mama katikati yetu, mtandio mpaka machoni. Filamu ile ilitisha kweli. Wa kwanza alipouawa nilifumba macho, na sioni haya kusema. Mama alitazama magoti yake tu. Dakika ya arobaini na mbili nikamgusa bega, akainua kichwa.

Binti alikuwa kwenye chumba kidogo, anakunywa maji kwa kusimama. Akavaa koti la bluu. Akatoka, akafunga mlango, akaujaribu, akaujaribu tena, akatia ufunguo mfuko wa ndani. Mama alinishika mkono kwa nguvu, juu ya saa niliyoishika.

"Mara mbili," alininong'oneza. "Kama dada yake."

Binti akaanza kutembea kando ya ukuta, haraka haraka, kama mtu aliyechelewa kidogo. Nyuma yetu walikaa wasichana wawili wasiotujua. Mmoja akamwambia mwenzake, "Masikini, anawahi kazini huyu." Mwenzake akasema, "Asipite njia hiyo, jamani."

Ilibidi nivute mkono ili nione mshale. Dakika ya arobaini na tano na nusu. "Mama, muda." Akainuka. Tulikuwa tumeshafika ukumbi wa nje, kwenye mwanga, tuliposikia watu wote ndani wakipiga ukelele mmoja. Bi Futi alisimama pale pale, ameshika utepe wake kwa mikono miwili, na machozi ambayo sikuwahi kuyaona kwa miaka tisa yakamtoka.

Mama hakwenda kwenye mlango wa barabarani. Alikwenda kukaa kwenye benchi linalotazama milango ya sinema. Akavua mtandio, akaukunja, akauweka mapajani.

"Mama, twende nyumbani," Bi Futi akasema.

"Hapana. Tungoje watoke."

"Imebaki karibu saa nzima."

"Nimengoja miaka kumi na mmoja. Wakitoka nataka wanione. Na yeyote atakayeuliza, mwambieni mimi ndiye mama wa yule aliyekuwa anawahi kazini."

Nikatia saa mfukoni. Tukakaa wote watatu, yeye katikati, uso wazi, mpaka milango ilipofunguliwa.